Wapangaji wa Puani

Daktari kijana, Kaizilege,
aliniingiza kijiti cha pamba puani
mpaka chozi likanitoka, jicho la kushoto tu.
Akasema: Mama Mwamvua, humu ndani mnaishi wengi.
Nikamjibu, baba, mimi mjane,
nina chumba na sebule Vingunguti,
ninaoishi nao nawajua.

Akacheka. Akachora nyuma ya cheti cha dawa
nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati,
vyumba huku, vyumba huku, uwani choo.
Hii ndiyo pua yako. Na hawa wapangaji,
vijidudu, elfu wakikaa kwenye ncha ya sindano
nafasi inabaki.
Wengine wamo tangu unanyonya.
Kodi hawalipi, lakini wanafagia,
wanabarizi mlangoni,
na mgeni mwenye nia mbaya akipiga hodi
wanamwambia pamejaa.

Na mimi sijawahi hata kuwasalimu!
Miaka thelathini na moja nakula kwa pua hii.
Mimi mpika udi.
Sukari ikikaribia kuungua siitazami, naisikia.
Sandali, mafuta ya waridi, tone la miski,
na tone jingine nisilomtajia hata binti yangu.
Maharusi wa Buguruni mpaka Kigamboni
wameingia ndani na moshi wangu.

Moshi wangu. Nao aliuandika.

Kisha akauliza dirisha langu linatazama wapi.
Linatazama Barabara ya Mandela.
Malori yanashuka bandarini na shaba,
yanapanda na mafuta,
yanasimama foleni yakiunguruma tangu kabla ya adhana.
Nyuma yangu kiwanda. Ubavuni Kondo,
jirani mwema kwa kila jambo
ila Jumapili huchoma mifuko na vipande vya tairi.
Na mimi katikati, nachochea mkaa.
Nikifuta meza asubuhi,
jioni naweza kuandika jina langu juu yake.
Nimeshaliandika.

Hilo unaloliona si neno, akasema,
baya ni lile usiloliona.
Linabandua chokaa ukutani, taratibu,
na wapangaji wema wanahama usiku bila kuaga.
Chumba Dar hakikai kitupu, unajua mwenyewe.
Wanaingia wengine, wagomvi,
wa kumwaga maji machafu ukumbini.
Basi likipita vumbi la godoro,
chavua ya majani, unywele wa paka,
vitu vya kupita njia tu,
nyumba nzima inapiga yowe: mwizi!

Yowe hilo ndilo chafya yangu.
Zamani kila moja niliisindikiza na alhamdulillahi.
Siku hizi nazijumlisha,
kumi na nne kabla ya chai, nashukuru mara moja.

Akanipa maji ya chumvi ya kusafishia pua,
dawa ya kupuliza, barakoa mbili,
na ushauri: uhamie mbali na barabara.
Hili la mwisho alilisema akitazama karatasi.

Jana nilipika kilo mbili za harusi ya Mbagala.
Sukari ikaniponyoka.
Kwa mara ya kwanza maishani
niliuona moshi kabla sijausikia.
Nikaipua, nikaanza upya, nikamwita Siwatu,
mjukuu wangu, miaka saba,
nadhani pua yake bado ina watu wake.
Akainamia sufuria, akafumba macho
kama nilivyomfunza.

Bibi, inanukia waridi.

Akavuta tena.

Halafu mwisho mwisho
inanuka lori.

Nikafunga dirisha.
Mkaa ukabaki ndani na sisi, mtoto akakohoa.
Nikalifungua.